Shiku wa Kibera na Haki ya Binti Mwema Jukwaani

Aghalabu waandishi wetu, wakitaka kutudhihirishia ubaya wa dunia, humchukua binti mwenye moyo safi, wakamweka mbele ya walaghai, kisha wakatualika tushuhudie jinsi anavyoangamia. Rosa, katika riwaya ya *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971, alilelewa Ukerewe chini ya ukali wa baba yake Zakaria, aliyempiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Na alipokwenda kusoma mbali, hali hajafunzwa lolote juu ya nafsi yake wala juu ya wanaume, alipotea hata akajiua. Gathoni naye, katika *Ngaahika Ndeenda*, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ iliyochezwa na wanakijiji wa Kamĩrĩthũ, Limuru, mwaka 1977, alitiwa mimba na mwana wa tajiri, kisha akatupwa.

Waandishi hao walisema kweli, na nia yao ilikuwa kuishitaki dhulma; lakini kisa hicho kikirudiwa miaka nenda miaka rudi, msichana wa Kibera au Kawangware anayetamani kuigiza hufika kudhani kwamba wema wake ni udhaifu, na kwamba jukwaani hana kazi ila kulia.

Kwa hiyo filamu ya *Soul Boy*, iliyoongozwa na Hawa Essuman kwa hadithi ya Billy Kahora, ikapigwa picha Kibera kwenyewe na kutolewa mwaka 2010, yastahili kutazamwa upya. Abila, kijana wa miaka 14, amkuta baba yake hoi, naye baba asema roho yake imeibwa. Abila apewa na Nyawawa, pepo wa kike, majaribu saba ya kuikomboa. Shiku, aliyechezwa na Leila Dayan Opou, ni msichana wa makamo yake asiyekuwa na hila wala tamaa, ambaye hamwachi mwenziwe katika safari hiyo ya hofu. Na usafi wa moyo wake haumfanyi mateka wa mtu, bali ndio unaompa ujasiri wa kusimama na rafiki. Mlinganishe na Mwas wa *Nairobi Half Life*, filamu ya David "Tosh" Gitonga ya mwaka 2012, kijana wa kijijini aliyekuja mjini kutafuta uigizaji, akaibiwa siku ile ile aliyofika, akaishia kugawanya maisha yake baina ya jukwaa na genge la wezi: yeye wema wake ulimponza, ilhali wa Shiku ulimfaa mtu.

Haya si mambo ya sanaa peke yake. Katika mitaa kama Kibera na Kawangware vijana hufanya mazoezi katika kumbi za makanisa na madarasa ya shule baada ya masomo, wengine wakitarajia kuzunguka mashuleni na tamthilia zinazotahiniwa. Na mzazi amwonapo bintiye akirejea magharibi kupitia vichochoro visivyo na taa, huingiwa na wasiwasi ulio na haki. Kumfungia nyumbani, kama alivyotaka Zakaria, si dawa, kwani Rosa hakuokolewa na fimbo. Dawa ni kwamba mazoezi yaishe mapema, awepo mwanamke mtu mzima wa kuaminika, binti awe na hiari ya kukataa sehemu inayomvunjia heshima asifukuzwe, na ujira wake ulipwe mkononi mwake, siyo kuahidiwa.

Fauka ya hayo, nawasihi waandishi na walimu wa maigizo: tutungieni mabinti wema walio na akili, wanaoujua uovu wanapouona na kuukabili bila kuacha murua wao. Mtoto aliyezoea kucheza mtu wa namna hiyo hujifunza kutamka "sitaki" kwa sauti ya kusikika hadi safu ya nyuma, nalo ni neno atakalolihitaji hata nje ya ukumbi.