Hofu isiyoweza kupiga kelele: somo kutoka picha za Lubumbashi

Katika miaka ya 1970, nyumba nyingi za wafanyakazi wa Lubumbashi zilikuwa na picha ya rangi ukutani, mahali pa kupokelea wageni. Wachoraji walizichora juu ya kitambaa cha mifuko ya unga, wakaziuza kwa bei ambayo mtu wa kawaida aliweza kuipata. Picha hizo waliziita ukumbusho. Moja iliyopendwa sana ilikuwa na jina la Kifaransa: Colonie belge, yaani koloni la Wabelgiji.

Picha hiyo inaonyesha uwanja wa gereza. Mfungwa amelala kifudifudi chini, nguo imeshushwa, na askari Mwafrika anampiga fimbo. Mzungu mkubwa wa kazi amesimama kando akiangalia. Bendera ya Ubelgiji inapepea juu yao. Wafungwa wengine, wenye nguo za mistari, wanaendelea na kazi zao.

Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947 katika mji huu, wakati ule ukiitwa Elisabethville, alichora tukio hilo mara nyingi. Kati ya 1973 na 1974 alichora pia historia nzima ya nchi, picha karibu 100, na kuieleza kwa Kiswahili mbele ya mtafiti Johannes Fabian. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 habari zake zilipotea.

Picha inasemaje hofu?

Huko Ulaya, mchoraji wa Norwe, Edvard Munch, alichora mwaka 1893 picha inayojulikana kama Mayowe. Mtu amesimama darajani, mikono mashavuni, kinywa wazi. Mbingu ni nyekundu, na mistari yake inapindapinda kana kwamba dunia yote inatetemeka pamoja naye. Wachoraji waliomfuata, walioitwa waekspresionisti, walijifunza kwake jambo hili: usichore tu kile jicho linachokiona, chora namna moyo unavyokiona. Rangi na mistari hubeba kile kilichofichwa ndani.

Tshibumba hakuwa wa kundi hilo, na picha yake inafanya kazi kwa njia nyingine. Hakuna anayepiga mayowe. Mistari imenyooka, rangi ni safi, kila mtu yuko mahali pake. Hofu inatoka hapohapo: mtu anapigwa, na siku inaendelea kama kawaida. Tena anayeshika fimbo ni ndugu yetu mwenyewe. Ukitafuta pa kukimbilia ndani ya picha ile, hupati.

Watafiti waliozungumza na wenye picha hizo waligundua kwamba hazikuhusu zamani tu. Ubelgiji ilikuwa imeondoka tangu 1960, lakini chini ya utawala wa Mobutu watu waliendelea kuogopa askari na gereza. Kusema wazi ilikuwa hatari. Kutundika ukutani picha ya wakati wa Wabelgiji kuliwezekana. Mgeni alipoingia, aliangalia, akaelewa, na mazungumzo yakaanza.

Na sisi katika kanisa?

Ndugu na dada wa Goma, Bukavu na vijiji vya kandokando wanajua hofu ya namna hii, hasa tangu mwanzo wa mwaka 2025. Watu wanakwenda sokoni, wanaimba kwaya, wanasalimiana, na ndani mwao wanatetemeka. Mara nyingine tunaongeza mzigo tunapowaambia kwamba Mkristo wa kweli haogopi. Basi mtu anajifunza kucheka ibadani na kulia peke yake usiku.

Biblia haifanyi hivyo. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila shangwe mwishoni, na bado ni sala ndani ya Neno la Mungu. Bwana Yesu katika Gethsemane hakuficha huzuni yake. Aliwaambia Petro, Yakobo na Yohana, akawaomba wakeshe pamoja naye. Kama yeye alitafuta wa kukesha naye, hakuna mshiriki wa parokia anayepaswa kuona aibu.

Kwa hiyo tunaweza kuanza na mambo madogo. Kikundi cha wamama kisome Zaburi ya 88 yote, kisha kinyamaze kidogo bila kukimbilia mahubiri. Watoto wa shule ya Jumapili wapewe karatasi na rangi, wachore walichokiona. Mwalimu asiwasahihishe, asiwalazimishe kueleza, awasikilize tu. Anayeendelea kuteseka apelekwe kwa wenye ujuzi wa kutunza majeraha ya moyo.

Turudi mara moja kwenye Colonie belge. Mara nyingi, pembeni mwa uwanja, mchoraji aliweka wanawake waliokuja kuwaletea wafungwa chakula. Hawana nguvu ya kuizuia fimbo. Lakini wamekuja, na mfungwa anajua kwamba hajasahauliwa. Kazi hiyo inaweza kuwa yetu wiki hii.