Oscar Kightley: Msamoa aliyeichekesha New Zealand kwa kisa cha polisi kubisha hodi alfajiri

Kama ulitazama Next Goal Wins, ile filamu ya mpira ya Taika Waititi ya mwaka 2023, bila shaka unamkumbuka bosi wa chama cha soka mwenye matiti yaliyochorwa usoni baada ya kushindwa dau. Haombi kombe. Anataka timu yake ifunge goli moja tu.

Jamaa huyo anaitwa Oscar Kightley. Alipokuwa akichorwa usoni, tayari alikuwa ametumia karibu miaka 30 kuichekesha New Zealand kwa mambo ambayo nchi hiyo haikupenda kuyazungumzia.

Usichanganye hapa. Filamu ile inahusu Samoa ya Marekani, timu iliyopigwa 31-0 na Australia mwaka 2001. Kightley ni wa upande wa pili. Alizaliwa mwaka 1969 Apia, mji mkuu wa Samoa iliyokuwa chini ya New Zealand hadi ilipopata uhuru mwaka 1962.

Akiwa na miaka 4 alipelekwa Auckland kulelewa na ndugu, baada ya baba yake kufariki. Alifika wakati mbaya.

Iko hivi. Baada ya vita vya pili vya dunia, viwanda vya New Zealand vilihitaji mikono, na watu wa visiwa vya Pasifiki wakakaribishwa kwa wingi. Uchumi ulipoyumba miaka ya 1970, wageni walewale wakageuzwa kuwa tatizo. Kuanzia 1974, polisi walianza kuvamia nyumba zao alfajiri, watu wakiwa bado kitandani, kusaka waliopitiliza muda wa viza.

Takwimu za miaka ya 1985 na 1986 zilikuja kuonyesha picha halisi: watu wa Pasifiki walikuwa theluthi moja ya waliopitiliza viza, lakini walikuwa asilimia 86 ya walioshtakiwa. Waingereza na Wamarekani nao walikaribia theluthi moja. Walioshtakiwa kati yao? Asilimia 5.

Kightley alianzia kwenye uandishi wa habari kabla ya kuhamia jukwaani. Huko Christchurch akashiriki kuanzisha kundi la Pacific Underground, na mwaka 1997 akaandika mchezo wa Dawn Raids, yaani misako ya alfajiri. Ndani yake kuna familia ya Kisamoa inayoishi na mtu asiye na viza halali, na kuna polisi ambaye naye ni Msamoa. Watu walicheka, halafu kicheko kikawakwama kooni.

Kwa nini kuchekesha?

Wasamoa wana mchezo wa zamani wa vichekesho uitwao fale aitu, maana yake nyumba ya mizimu. Mchekeshaji akiwa ndani ya mchezo anaweza kumkejeli mkubwa mbele ya kadamnasi na asiguswe, kwa sababu anayesema si yeye, ni mzimu. Kwa anayejua utani wa msibani, hapo hakuna haja ya maelezo marefu.

Mwaka 1998 Kightley na washikaji zake, akiwemo David Fane, Mario Gaoa na Shimpal Lelisi, walianzisha kundi la Naked Samoans, yaani Wasamoa Uchi. Ruhusa ileile ya mzimu wakaileta mjini. Waliwasema Wazungu na polisi, lakini waliosemwa kuliko wote ni Wasamoa wenyewe.

Kundi hilo ndilo lililozaa bro'Town, katuni ya kwanza ya New Zealand kuonyeshwa muda wa jioni wenye watazamaji wengi. Ilidumu misimu 5, kuanzia 2004 hadi 2009. Inahusu vijana watano wa mtaani Auckland, na Mungu anayetokea humo ni Mpolinesia aliyevaa lavalava. Hata waziri mkuu wa wakati huo, Helen Clark, aliingia humo na kuigiza sauti yake mwenyewe.

Utamu mwingine umejificha kwenye majina. Kightley ni sauti ya Vale, kijana msomi. Kaka yake anaitwa Valea, neno la Kisamoa lenye maana ya mjinga. Baba yao mlevi ni Pepelo, yaani mwongo. Mzungu alicheka katuni, Msamoa alicheka mara mbili.

Walikuwepo waliolalamika kwamba katuni hiyo inawapa watu sababu ya kuwadharau Wapolinesia. Hoja hiyo si ya kupuuza. Ila tofauti ilikuwa kwamba safari hii kalamu ilikuwa mikononi mwa wachekwa wenyewe.

Mwaka 2006 ikaja Sione's Wedding, filamu aliyoandika na James Griffin na kuigiza kama Albert. Washikaji wanne waliozoea kuharibu sherhe za watu wanaambiwa na mchungaji kwamba bila kuleta wachumba, harusini hawaingii. Nakala zake zilivuja mitaani hata kabla haijafika majumba ya sinema, na bado watu walikata tiketi. Mwendelezo wake ulitoka 2012.

Mwandishi wa misako avaa sare

Hapa ndipo kazi yake inapovutia zaidi. Mwaka 2013, kwenye tamthilia ya Harry, Kightley aliweka vichekesho pembeni na kuwa mpelelezi wa polisi Msamoa, akiigiza pamoja na Sam Neill. Mwaka 2016, kwenye Hunt for the Wilderpeople, akarudi kuwa polisi, safari hii wa kuchekesha, anayemsaka mtoto mtoro porini. Yule aliyeandika kuhusu polisi mlangoni, sasa ndiye polisi.

Mwaka 2021 aliongoza filamu ya makala kuhusu Dawn Raid, lebo ya hip hop ya Auckland Kusini iliyojipa jina la misako hiyohiyo. Tarehe 1 Agosti mwaka huohuo, waziri mkuu Jacinda Ardern alikaa chini mbele ya watu, akafunikwa mkeka kwa desturi ya Kisamoa ya kuomba msamaha, kisha akaomba radhi rasmi kwa niaba ya serikali.

Mchezo wa Kightley ulikuwa umetangulia kwa miaka 24. Mwaka 2022 ulirudi jukwaani Auckland.

Kwa anayetaka kuanza kumfuatilia, Sione's Wedding ndiyo nyepesi kuliko zote. bro'Town inafuata, ukishajua maana ya majina.