Boila la mafuta: Dohani ikaguliwe kabla ya mtambo kununuliwa

Katika jimbo la Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani, zaidi ya nusu ya kaya hutegemea mafuta kupasha nyumba joto, kiwango ambacho hakifikiwi na jimbo jingine lolote la nchi hiyo. Familia nyingi kutoka Somalia, Kongo, Burundi na Rwanda, baadhi zikizungumza Kiswahili, zimehamia miji ya Portland na Lewiston tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Anayefanikiwa kununua nyumba huko mara nyingi hurithi pia boila kuukuu lililofungwa katika chumba cha chini ya ardhi, mtambo ambao hajapata kuuona mfano wake alikotoka. Siku boila hilo linapokufa katikati ya Januari, baridi ya nje ikiwa nyuzi 15 chini ya sifuri, uamuzi wa kununua jingine hufanywa ndani ya saa chache, na haraka hiyo huzaa makosa yanayodumu miaka 20.

Utendaji wa boila lenyewe hauna fumbo. Mafuta yanayotumika ni ndugu wa dizeli, nayo hutiwa rangi nyekundu ili yasiingizwe kwenye magari bila kulipiwa kodi ya barabara. Hukaa katika tangi ambalo kwa kawaida lina ujazo wa galoni 275, yaani takriban lita 1,040. Pampu huyasukuma kupitia tundu jembamba la nozeli yakatoka kama ukungu, cheche ya umeme huyawasha, na moto hupasha maji yanayozungushwa katika mabomba yaliyopita kando ya kuta za vyumba.

Mnunuzi huuliza kwanza bei, kisha ufanisi, na hayo si maswali ya kupuuzwa. Kanuni za serikali ya Marekani zinataka maboila ya mafuta ya kupasha maji yaliyotengenezwa tangu Januari 15, 2021 yawe na ufanisi usiopungua asilimia 86. Nyumba iliyokuwa ikiteketeza galoni 800 kwa mwaka kwa boila kuukuu lenye ufanisi wa asilimia 70 itapata joto lile lile kwa galoni 650 hivi. Kwa aliyeshuhudia bei ikipita dola 5 kwa galoni mwaka 2022, hiyo si akiba ndogo. Ukubwa wa boila nao upimwe kwa joto ambalo nyumba inapoteza kupitia kuta, madirisha na paa. Fundi anayesoma kibandiko cha boila la zamani na kuagiza lingine la ukubwa uo huo anarudia kosa la aliyemtangulia. Boila kubwa kupita kiasi huwaka na kuzimika kila mara, likila mafuta na kujaza masizi.

Hata hivyo, joto hilo linalookolewa ndilo lililokuwa likipanda dohani. Moshi wa boila la zamani ulikuwa wa moto sana, na moshi wa moto hupanda wenyewe. Moshi wa boila jipya ni mchache na umepoa. Ukiingizwa katika dohani pana ya matofali, hasa ile iliyojengwa upande wa nje wa nyumba ambako theluji huigusa majira yote ya baridi, hupoteza nguvu kabla ya kufika juu. Mvuke uliomo hugeuka maji, maji huchanganyika na mabaki ya salfa yakawa tindikali, na tindikali hula saruji iliyoshika matofali. Ni kweli kwamba salfa katika mafuta hayo imepunguzwa sana, jimbo la New York likianza mwaka 2012 na majimbo ya New England yakifuata mwaka 2018, lakini maji yenyewe hayajaondoka.

Hapo ndipo maisha yanapoingia hatarini. Tofali likidondoka na kuziba njia, au mvuto ukiwa dhaifu, moshi hurudi nyumbani pamoja na kaboni monoksaidi, gesi ile ile isiyo na rangi wala harufu inayowaua watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Dawa yake ni kupitisha ndani ya dohani bomba la chuma kisichoshika kutu, lenye kipenyo kinacholingana na boila jipya. Kazi hiyo ina gharama, na ndiyo inayoachwa nje ya makadirio ya fundi anayetaka kuonekana rahisi. Aliyefunga boila bila kupanda paani amefanya nusu ya kazi.

Nyumba isiyo na dohani ya kuaminika inaweza kutoa moshi kupitia ukuta wa pembeni. Njia ya kwanza hutumia feni kuusukuma nje. Feni hupiga kelele, huharibika, na ukuta huweza kuchafuliwa na masizi. Njia ya pili, inayofaa zaidi nyumba zilizozibwa vizuri, hufunga kichomeo kabisa na kukiletea hewa kutoka nje kwa bomba lake. Faida yake huonekana pale feni ya jikoni na mashine ya kukaushia nguo zinapovuta hewa kwa pamoja, hali inayoweza kuurudisha chini moshi wa dohani ya kawaida. Kwa njia zote mbili, mdomo wa bomba uwe mbali na madirisha na juu ya kimo cha theluji. Mabomba ya moshi ya gesi yenye alumini ndani yasitumike kwa mafuta.

Nchini Uingereza mambo ni tofauti kidogo. Huko maboila huchoma mafuta ya taa, na tangu Aprili 2007 sheria za England na Wales zinataka yawe ya aina inayopoza moshi makusudi hadi mvuke wake ugeuke maji na kutoa joto la ziada. Teknolojia hiyo huhitaji maji yanayorudi kwenye boila yawe chini ya nyuzi 50 hivi, ilhali mabomba ya nyumba nyingi za New England yaliundwa kwa maji ya nyuzi 80. Kulipia boila la namna hiyo bila kubadili mabomba ni kununua ufanisi wa kwenye karatasi.

Lipo jambo jipya pia. Mwaka 2023 Maine ilitangaza kuwa imefikia lengo la kufunga pampu za joto 100,000, mashine za umeme zinazovuta joto kutoka hewa ya nje. Katika nyumba zenye pampu hizo boila huwaka kwa nadra, na dohani hubaki baridi zaidi kuliko zamani.

King'ora cha kugundua kaboni monoksaidi kifungwe kila ghorofa, karibu na vyumba vya kulala. Baada ya kuwasha boila, fundi apime kwa chombo joto la moshi, kiasi cha oksijeni na nguvu ya mvuto, kisha aandike namba hizo kwenye kadi na kuining'iniza ubavuni mwa boila. Atakayekuja kulisafisha mwaka unaofuata ataanza kwa kuisoma kadi hiyo.