Joplin: Saa za kujitolea zilipolipa deni la mji

Jioni ya Jumapili, Mei 22, 2011, kimbunga cha tornado kiliupiga mji wa Joplin, jimbo la Missouri, Marekani. Kilikuwa na upana wa karibu kilomita moja na nusu, na upepo wake ulizidi kilomita 320 kwa saa. Watu wapatao 160 walikufa. Maelfu ya nyumba, nyingi za mbao, ziligeuka vifusi, na hospitali ya ghorofa tisa iliharibika hadi ikabidi ibomolewe.

Watu wa kujitolea walimiminika kutoka kila upande. Hapo Joplin ikafanya jambo ambalo sisi wa msaragambo na harambee huwa tunaliona usumbufu: iliandika. Vijana wa AmeriCorps, mpango wa huduma za kujitolea wa serikali ya Marekani, walifungua kituo katika chuo kikuu cha Missouri Southern State, na huko wageni waliandikishwa, wakapangiwa kazi na kuhesabiwa saa zao.

Daftari hilo lilikuwa na thamani ya fedha. Maafa makubwa yakitokea Marekani, serikali kuu hubeba sehemu kubwa ya gharama za kusafisha, na inayobaki huwa mzigo wa wenyeji. Saa zilizoandikwa zilithaminiwa kwa dola zikahesabiwa kuwa mchango wa mji. Aliyebeba mbao bure alikuwa anailipia Joplin deni, pengine bila kujua. Waliosajiliwa walizidi 100,000, na saa zao zilipita milioni moja.

Lakini kuzoa vifusi ndiyo kazi nyepesi. Kila mtu ana mikono, na kamera za wanahabari bado zipo. Kujenga kunataka vibali, mafundi wa umeme na bomba, na subira ya miaka, hasa kwa familia ambazo bima haikutosha au haikuwapo kabisa. Rebuild Joplin, shirika lililozaliwa na msiba huohuo, lilibaki na kazi hiyo, pamoja na mengine kama Habitat for Humanity. Na huwezi kugonga msumari popote upendapo: baada ya kimbunga, mji ulikaza kanuni zake, paa la nyumba mpya lishikwe ukutani kwa vibano vya chuma, na ukuta ufungwe msingini kwa bolti zilizokaribiana zaidi.

Ukipata nafasi ya kwenda kusaidia mahali palipopigwa namna hiyo, ulizia kwanza meza ya usajili. Na kama huna haraka, nenda baada ya miezi sita, wenzako watakapokuwa wamesharudi makwao.