«Vous disez»: kosa la mtoto ambaye amefahamu kanuni

Katika kartie ya Katoyi, komini ya Karisimbi, mwanafunzi akiandika «vous disez» ao «vous faisez» kwenye kaye yake, kalamu nyekundu inapita pale na pointi zinakatwa. Nyumbani mzazi anaona zile pointi na kufikiri mtoto ni mvivu. Kumbe kosa lenyewe linaonyesha kinyume. Mtoto alisikia «vous parlez», «vous lisez», akafuata njia ile ile. Ni Kifaransa ndicho kimetoka njiani.

Vitenzi vinavyofanya hivyo ni vitatu tu: «vous êtes», «vous faites», «vous dites», pamoja na watoto wao kama «refaire» na «redire». Vilitoka katika Kilatini: estis, facitis, dicitis. Kiitalia, ndugu ya Kifaransa, nacho kimebaki na «fate» na «dite». Kitenzi kinachosemwa kila siku kinashika umbo lake la zamani, juu watoto wanalirithi mdomoni mbele ya kujua kanuni yoyote. Kile kinachosemwa mara moja moja watu wanakisahau, kisha wanakinyoosha. «Aller» ndiyo mbaya zaidi: «je vais», «nous allons», «j'irai». Waitalia nao wanasema «vado», halafu «andiamo». Anayetafuta mantiki pale atachoka bure.

Kiswahili cha Goma pia kiko na mambo hayo. Leo mtu anasema «niko», jana «nilikuwa», kesho «nitakuwa». «Niko» na «kuwa» hazifanani hata kidogo, lakini hakuna mtoto wa Katoyi anayekosea: alizisikia kwa mama yake mara elfu. Pengine Goma imenyoosha. Mtu wa Dar es Salaam anaita «njoo!», Goma wanasema tu «kuya!». Yaani mji mzima umefanya kwa Kiswahili kile ambacho mtoto anakatiwa pointi akikifanya kwa Kifaransa.

Tofauti ni kwamba Kifaransa, lugha ya serikali kwa Katiba ya 2006, kwa watoto wengi kinaanzia darasani, na mtihani wa mwisho wa shule ya msingi haungojei masikio yazoee. Kuimba «je, tu, il» meza nzima kunasaidia kidogo. Afadhali kusema sentensi kwa sauti, na kushika vitenzi kwa jamaa: anayejua «prendre» ameshapata «apprendre», «comprendre» na «surprendre», anayejua «venir» ameshapata «devenir» na «revenir», na «tenir» inafuata nyayo zake. Kwa «ils», vinavyoishia na «-ont» wakati wa sasa ni vinne, tena vyote vifupi: sont, ont, vont, font.

Mtego mmoja umebaki. «Contredire» inafanana na «dire», lakini husemwa «vous contredisez». Hapo yule wa «disez» anapata pointi zake zote.