Kabla ya kununua gari la dizeli, lipandishe Mau Summit

Kutoka mjini Nakuru hadi Mau Summit ni safari ya takriban kilomita 55, na sehemu kubwa yake ni mpando. Mji wenyewe uko kwenye mwinuko wa mita 1,850 hivi. Ukifika pale barabara ya Kericho inapoachana na ya Eldoret, umeshapita mita 2,400. Kando ya njia hiyo ndiko ziliko Molo, Elburgon na Kuresoi, nchi ya viazi, ngano na maziwa, ambako masika hugeuza barabara za vumbi kuwa tope la kunasa hadi trekta. Mkazi wa huku anayetafuta gari la fowili la dizeli hatafuti anasa. Anataka chombo cha kumfikisha sokoni, hospitalini na nyumbani. Na kwa kuwa ushuru wa forodha wa magari yanayoagizwa ulipanda mwaka wa 2023 kutoka asilimia 25 hadi 35, wengi wameona nafuu kununua gari lililokwisha kutumika humu nchini. Lakini wengi huligundua gari lao baada ya kulilipia. Hulichagua kwa rangi, kwa viti vya ngozi na kwa jina. Hoja ya makala haya ni kwamba Bonde la Ufa lina maadui watatu wa injini ya dizeli, yaani hewa nyepesi, vumbi na mafuta machafu, na ukaguzi wa maana huanzia pale maadui hao wanapouma.

Tuanze na hewa. Mjini Nakuru shinikizo la hewa ni kama asilimia 80 ya lile la Mombasa. Injini isiyo na turbo, mfano 1HZ ya Land Cruiser za kazi, hupoteza sehemu ya nguvu zake kwa sababu hiyo tu. Yenye turbo hufidia upungufu huo, na ndiyo sababu turbo iliyochoka huweza kujificha kwenye tambarare lakini huumbuka mlimani. Mpando huohuo hufichua joto. Injini ya 1KZ-TE iliyobebwa na Prado za miaka ya 1990 inajulikana kwa kichwa chake kupasuka ikichemka kupita kiasi. Basi mnunuzi aende asubuhi na mapema na aguse boneti kabla ya ufunguo kuzungushwa: ikiwa na joto, kuna aliyetangulia kuiwasha, na huenda ana la kuficha. Moshi mweupe usiokatika baada ya kuwaka huashiria nozeli zinazovuja au maji yanayoingia kwenye silinda. Wa samawati ni oili inayoungua. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa. Injini ikiwa inanguruma polepole, fungua kifuniko cha oili. Hewa ikifoka kwa nguvu, ringi zimekwisha. Kisha gari lipandishwe hadi Salgaa na Sachang'wan huku jicho likiwa kwenye mshale wa joto. Wakati wa kuteremka zipimwe breki, kwa uangalifu mkubwa, maana mteremko huo umegharimu maisha ya wengi.

Adui wa pili ni vumbi. Udongo wa Naivasha, Gilgil na Elmenteita umetokana na majivu ya volkeno, laini kama unga. Safari Rally iliporejea kwenye mashindano ya dunia mwaka wa 2021, vumbi hilo lilikuwa miongoni mwa mitihani mikubwa ya madereva, na magari ya mashindano hayo yamewahi kufungwa bomba la kuvutia hewa lililoinuliwa hadi paani ili injini isiimeze. Gari la kawaida halina kinga ila chujio lake la hewa. Chujio likichanika, au likiacha upenyo pembeni, vumbi huingia kwenye turbo na silinda na kusaga chuma kidogo kidogo. Kwa hiyo litoe chujio, kisha upitishe kitambaa cheupe ndani ya bomba linaloelekea kwenye turbo. Kitambaa kikitoka na vumbi, injini imekuwa ikila udongo, hata ikiwa imeoshwa ikang'aa.

Wa tatu ni mafuta. Kwa miaka mingi wauzaji wasio waaminifu walichanganya dizeli na mafuta ya taa, hadi mwaka wa 2018 serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuvunja faida ya mchezo huo. Madhara ya mchanganyiko huo hayaonekani kwa macho. Mafuta ya taa hayalainishi vyuma kama dizeli, na injini za kisasa kama 1KD ya Prado husukuma mafuta kwa shinikizo linalozidi lile la hewa ya kawaida zaidi ya mara elfu moja. Pampu na nozeli zikikosa ulainisho kwenye shinikizo hilo huisha haraka, na nozeli mpya ni makumi ya maelfu ya shilingi kila moja. Fundi mwenye kompyuta ya kusoma injini anaweza kupima kila nozeli inavyorudisha mafuta. Kwa magari mapya zaidi kuna pia chujio la masizi kwenye ekzosi. Mwaka wa 2022 mahakama nchini Australia iliamua kwamba mfumo huo ulikuwa na kasoro katika Prado, Hilux na Fortuner za dizeli zilizouzwa huko kuanzia Oktoba 2015 hadi Aprili 2020. Gari lililozoea safari fupi za mjini halipati joto la kuyachoma masizi hayo, kwa hiyo uliza lilitumikaje.

Fowili yenyewe nayo ijaribiwe, maana wengine huuziwa gari ambalo halijawahi kuwekwa gia ya chini kwa miaka. Kwenye udongo mlegevu weka gia hiyo, funga difu, sogea mbele na nyuma, kisha uone kama taa ya dashibodi inawaka na kuzima inavyopaswa. Oili ya difu ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. Baada ya mafuriko ya 2024, zulia la sakafuni lazima linyanyuliwe kutafuta matope.

Historia ya gari inaweza kukusemesha kuliko muuzaji. Toyota iliacha kuuza Prado ya dizeli nchini Japani mwaka wa 2007 na kuirudisha 2015. Kwa hiyo ukiambiwa Prado ya dizeli ya 2010 imetoka Japani, simama hapo na uulize. Hakiki nambari ya chasisi na mmiliki kwenye mfumo wa mamlaka ya usafiri, NTSA, kisha tafuta kwenye sajili ya dhamana iliyowekwa na sheria ya 2017 kama kuna mkopo unaolishikilia gari. Gari lililotumiwa na ubalozi au shirika lililosamehewa ushuru lazima lithibitishwe kwamba ushuru umelipwa.

Wapo watakaosema kwamba Toyota haifi, kwa hiyo uchunguzi huu ni hofu ya bure. Uimara huo ni kweli, na ndio unaolifanya gari bovu liendelee kutembea hadi likupate wewe. Wengine watasema muuzaji atakataa kumwachia fundi wako gari kwa saa tatu. Akikataa, amekujibu, na magari hayajaisha. Pingamizi zito zaidi ni gharama: fundi, mafuta ya majaribio na ada za hati. Ukizijumlisha zote bado hazifiki bei ya nozeli moja mpya, achilia mbali kichwa cha injini. Na ukikuta kasoro inayorekebishika, una sababu ya kupunguziwa bei kwa kiasi kinachojulikana.

Kwa familia nyingi za Molo, Njoro na Subukia, gari ndilo ununuzi mkubwa zaidi baada ya shamba. Hakuna anayenunua shamba bila kukanyaga mipaka yake. Basi ndugu msomaji, usilipe hata shilingi moja ya amana kabla gari halijawaka likiwa baridi, halijapanda mlima, na fundi uliyemchagua mwenyewe hajaliangalia chini na juu.