Mchicha wa Dandora na risasi iliyo udongoni

Mwezi uliopita nilikwenda Nairobi kumtazama dada yangu anayekaa Dandora. Nyuma ya nyumba ana kijishamba cha mchicha na sukuma wiki, na upepo ukigeuka, moshi wa jaa la taka unakuingia puani hapo hapo. Jioni akanipikia ugali kwa mchicha. Nilikula, lakini roho haikutulia.

Sisi wa Mombasa tuna sababu ya kuogopa udongo. Owino Uhuru, kule Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifungwa mwaka 2014, na kesi ikasukumwa hadi Mahakama ya Juu, ambayo Desemba 2024 ilirudisha fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kiwanda kilifungwa lakini risasi ilikuwa imeshaingia ardhini. Nasema risasi ile ile ambayo wavuvi wetu hutengenezea chubwi. Haiozi wala haiungui ikaisha.

Dandora hakuna kiwanda kimoja cha kunyooshewa kidole. Kuna jaa lililofunguliwa miaka ya 1970 na kutangazwa limejaa mwaka 2001, na malori bado yanaingia. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yako Nairobi hiyo hiyo, upande wa Gigiri, lilitoa uchunguzi wa watoto 328 wa maeneo ya karibu. Nusu yao walikuwa na risasi nyingi damuni kupita kiasi kilichokubaliwa wakati ule. Kwenye udongo, asilimia 42 ya sampuli zilizidi miligramu 400 za risasi kwa kilo moja. Udongo usiochafuliwa huwa na kama 50.

Dada aliniuliza: mbona shamba la jirani lisiwe sawa na langu? Swali zuri. Umbali kutoka jaani ni sababu moja tu. Panapochomwa nyaya ili kupata shaba, au panapovunjwa betri, hatua chache tu zinaweza kuwa na sumu kuliko mtaa mzima. Kandokando ya barabara kubwa kama Jogoo Road kuna mabaki ya petroli yenye risasi, iliyouzwa Kenya mpaka kuingia 2006. Na anayemwagilia kwa maji ya Mto Nairobi, unaopita ubavuni mwa jaa, anajiletea mwenyewe uchafu wa karakana na mabomba ya juu huko, hata kama shamba lake liko mbali.

Kisha kuna udongo wenyewe. Eastlands pana ule mweusi wa mfinyanzi, unaonata viatuni mvua ikinyesha. Huo hushika metali na kuziweka juu juu, mahali mtoto anapochezea. Mchanga wetu wa pwani haushiki hivyo, na uchafu hupata njia ya kushuka kuelekea kisimani. Udongo ukiwa na asidi, metali huachiliwa na mizizi huzinyonya kwa urahisi. Mbolea ya samadi na chokaa husaidia kuzizuia.

Nilimweleza pia kwamba risasi nyingi kwenye mboga ni vumbi lililoganda juu ya jani, kwa hivyo kuosha vizuri kunapunguza. Kadimiamu ni mambo mengine, kwani huingia ndani ya jani lenyewe, na hapo hata ukiosha mara kumi hupati kitu. Mboga za majani huibeba zaidi kuliko nyanya.

Ameng'oa mchicha. Sasa anapanda kwenye magunia, kwa udongo alionunua kutoka nje ya mji, na anamwagilia kwa maji ya mfereji yakipatikana. Viatu vinaachwa mlangoni, jambo ambalo mama yetu alitufunza zamani kwa sababu nyingine kabisa. Lakini watoto wake wanacheza mpira kwenye kiwanja kile kile cha vumbi, maana hakuna kingine.